Dereva wa Badulla na Kidaftari cha Buluu

Kodikara alifeli mtihani wa kuendesha gari mara tano, na mara zote tano kosa lilikuwa la Wajapani.

Mara ya kwanza gari lao lilikuwa bovu. Mara ya pili msimamizi alikuwa na chuki. Mara ya tatu mvua. Ya nne na ya tano hakutaka hata kueleza; alivua viatu mlangoni, akapanda chumbani, akalala na njaa. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja anasusia wali kwa sababu ya leseni!

Na katika nyumba ya wafanyakazi wa shamba la Bwana Sekiguchi hakuna aliyekuwa hajachoka na habari za Badulla. Kwamba kule kwao Sri Lanka aliendesha basi la abiria kwenye milima ya Badulla miaka ishirini na minne. Kwamba upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde ambalo chini yake huoni ila ukungu. Kwamba kona alizikata kwa mkono mmoja, wa pili ukipokea chai kutoka kwa utingo. "Na kwetu pia tunaendesha kushoto," alimalizia kila siku, "hawa watanifundisha nini?" Wangemfundisha mengi tu, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Dawa yenyewe alikuwa nayo Thisari. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, wa kutoka Kurunegala, huko huko Sri Lanka, kazi yake kufunga vitunguu majani bandani, na leseni aliipata mara ya pili tu. Alikuwa na kidaftari cha jalada la buluu: ukurasa wa kushoto neno la Kijapani, wa kulia maana yake, na chini yake mchoro wa mtu na mishale ya kuonyesha kichwa kielekee wapi. Saa nne ya chai alikaa juu ya kreti mbele ya Kodikara, akakifungua.

"Kaka, tomare ni nini?"

"Simama. Limeandikwa barabarani, hata kipofu analijua."

"Unalijua, lakini husimami."

"Nilisimama."

"Ulipunguza mwendo. Tairi lisimame kabisa, uhesabu mpaka tatu. Haya, jokō?"

"Polepole."

"Polepole ya namna gani?"

"Polepole ya mtu mwenye akili zake."

"Polepole ya mtu anayeweza kusimama hapo hapo. Ndiyo maana wanakufelisha." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Na hili ndilo linalokumaliza. Makikomi. Unakata kushoto, mtu wa baiskeli amejipenyeza ubavuni mwako, unamnasa kwa tairi la nyuma. Kioo hakimwonyeshi. Lazima ugeuze shingo utazame nyuma ya bega."

"Mdogo wangu, mimi nina vioo viwili na macho mawili. Kuzungusha shingo ni kazi ya bundi."

"Basi bundi wana leseni, kaka. Wewe huna."

Banda zima lilicheka. Kodikara alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe chake, akaondoka na hasira zake mpaka kwenye mlango wa banda, na pale akakutana na Bwana Sekiguchi mwenyewe, kofia mkononi.

"Bwana Kodikara, mtihani ni Ijumaa?"

"Ndiyo, bosi."

"Safari hii ukifeli, Jumatatu lori la kupeleka vitunguu sokoni naliletea dereva mwingine. Wewe utarudi shambani kung'oa vitunguu." Alisema kwa upole, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

Hapo ndipo palipokuwa na roho ya Kodikara. Mgongo wake ulikuwa umekwisha. Majira mawili ya baridi ameinama matopeni, mpaka daktari akamwambia ya tatu hatayaweza. Na asiyeweza kung'oa vitunguu, shamba lina haja gani naye? Ni tiketi ya kurudi kwao. Kiti cha lile lori ndicho kilichobaki. Kodikara aliogopa, aliogopa sana, na kwa bahati mbaya Mungu alimuumba hivi: akiogopa, anadharau.

Ijumaa asubuhi Thisari alimpeleka kwenye kituo cha mtihani kwa gari aliloazima. Kabla ya mtihani, watahiniwa huruhusiwa kuzunguka uwanja wa kuendeshea kwa miguu, wakariri njia. Basi walikuwepo wageni wa kila taifa, watu na heshima zao, wanatembea mmoja mmoja barabarani mikono imeshika usukani wa hewa. Wakifika kwenye mstari wanasimama, midomo inahesabu. Wakifika kwenye kona shingo zinageuka, kulia, kushoto, nyuma. Mzee mmoja aliyevaa suti alikuwa anawasha hata indiketa isiyokuwepo.

Kodikara alikaa kwenye benchi, amekunja mikono. "Wamefungulia wagonjwa wa akili," alisema.

"Nenda nawe ukazunguke, kaka."

"Mimi si kichaa."

"Sawa. Lakini hao vichaa jioni watarudi nyumbani wanaendesha wenyewe. Wewe nitakubeba mimi, kama nilivyokubeba mara tano."

Neno lile lilimwingia. Alifura, na alipoitwa jina lake alikuwa ameshakata shauri. Si wanataka maigizo? Atawapa maigizo. Kama ni kufeli, atafeli akiwa amewacheka usoni, nao wajue kwamba dereva wa Badulla amewacheka.

Msimamizi alikuwa Bwana Inomata, mwembamba, glavu nyeupe, yule yule aliyemfelisha mara tatu kwa sentensi moja: "Uangalifu wako haukutosha." Kodikara alimwinamia. Halafu akaliinamia gari. Akalizunguka lote, akapiga magoti na mgongo wake mbovu, akachungulia chini ya bampa la mbele na la nyuma, akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Paka hakuna! Mtoto hakuna! Sawa!"

Akaingia, akafunga mkanda, akashika kioo kwa vidole viwili. Kwenye mstari wa kusimama alisimama, akahesabu moja, mbili, tatu, kila namba kwa pumzi yake. Kwenye kona isiyoonyesha mbele alitambaa huku akiimba, "Jokō, jokō." Na kila kona ya kushoto alizungusha shingo mpaka ikalia, akapaza sauti, "Makikomi, hakuna!" Mtahiniwa aliyefuata, dada mmoja wa Kivietnamu aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Bwana Inomata alitazama barabara tu. Kodikara alimsubiri akasirike; alitamani sana akasirike. Kalamu haikugusa karatasi hata mara moja, mpaka gari liliposimama.

"Bwana Kodikara," alisema Inomata, "nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Ulichofanya leo ni kizuri sana. Umefaulu." Akafikiri kidogo. "Sauti unaweza kuipunguza."

Kodikara alishuka kama aliyezabwa kofi. Miaka ishirini na minne ya Badulla walimpa sifuri. Upuuzi wake wa dakika kumi wakampa leseni. Alimkuta Thisari kwenye benchi.

"Niliwadhihaki," alimwambia. "Niliwadhihaki mwanzo mpaka mwisho, na wamenifaulisha. Hawana akili hawa."

"Kwani ulifanya nini?"

Akamsimulia, hatua kwa hatua, na Thisari akasikiliza bila kumkatiza.

"Kaka," alisema mwishowe, "hiyo si dhihaka. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari."

Jumatatu lori lilijazwa vitunguu, Thisari akakaa kando yake na karatasi za sokoni. Kodikara sasa alikuwa mfalme. Mbele ya wenzake wote alilizunguka lori, akaliinamia, akatangaza paka hakuna, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Njiani akaendelea kumchekesha Thisari. Kila alama alisimama akahesabu kwa sauti ya Inomata, amekaza uso.

Walifika njia panda karibu na kinu cha mpunga. Anakata kushoto. Alitazama kioo: kitupu. Mguu ulikuwa umeshaanza kuiachia breki. Kwa mzaha tu, kwa kumalizia utani wake, alizungusha shingo.

"Makikomi, ha..."

Kulikuwa na bibi kizee. Baiskeli yake ilikuwa katikati ya lori na ukingo wa barabara, usawa wa tairi la nyuma, kikapu kimejaa figili, na anakanyaga pedali kana kwamba barabara aliachiwa na baba yake. Kodikara aliikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kreti zikagongana nyuma. Bibi hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alipita ubavuni, akatokea mbele ya lori, akasimama. Akainua macho mpaka dirishani, akamtazama Kodikara uso wake, taratibu.

"Wageni," alisema, "hawajui kuendesha."

Akapanda baiskeli yake akaenda.

Thisari alingoja mlipuko. Badulla yote ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa yule mwanamume, milima yake, mabonde yake, miaka yake ishirini na minne. Haikutoka. Alikitazama tena kioo cha kushoto, na bado kilikuwa kitupu.

"Lile daftari unalo?" aliuliza.

"Ninalo."

"Nisomee."

"Ukurasa gani, kaka?"

"Wote. Anza mwanzo."

Halafu akageuza shingo tena, safari hii bila sauti, akatazama vizuri, ndipo akakata kona.