Mashine Chini ya Kitambaa

Kila mgeni aliyefika Chuo cha Ufundi cha Pambazuko, pale Kawangware, alioneshwa mashine ya kuchomelea vyuma kabla hata ya kuoneshwa choo. Ilikaa ofisini mwa mkuu wa chuo, Bwana Naftaly Irungu, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono ya karani wake Angeline, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Wazungu wa kanisa ndio walioileta. Walipiga picha nayo, wakaenda zao, na tangu siku hiyo mashine haikuwahi kuonja umeme.

Wanafunzi kumi na wanne wa kuchomelea walijifunza kwa chaki. Mwalimu wao, Ambrose Wanzala, alikuwa amejaliwa mkono wa kuchora. Alichora mashine, akachora rodi, ule ujiti wa kuungia chuma, akachora na cheche kwa chaki ya njano, hadi waliokaa mbele wakarudisha nyuso nyuma. Kisha alisema, "Haya, shikeni rodi," na watu wazima na akili zao wakashika kalamu za wino na kuchomelea madawati. Mihula mitatu hiyo! Kwa mwendo huo hata kuogelea kungefundishwa kwa kikombe cha maji.

Aliyeumia zaidi ni Kavetsa, msichana wa Soweto West, Kibera. Alikuwa yaya miaka miwili kabla ya kuacha kazi aje kusoma, na mama mwenye nyumba alimuaga kwa maneno haya: "Nenda ukachezee vyuma. Mlango uko wazi, utarudi tu." Maneno hayo yalimkaa Kavetsa kooni kama mwiba wa samaki. Kaka yake Phanuel, seremala, alikubali kumlisha mwaka mmoja, siku isizidi. Mwisho wa mwaka huo wa tisini na sita ulikuwa mtihani wa serikali, na mtihani wa fundi si wa kalamu. Unapewa chuma, unakiunga, mtahini anakipiga nyundo. Kikishika, wewe ni fundi. Kikiachia, rudi ukabebe mtoto wa watu.

Wanafunzi waliandika barua kuomba mashine itolewe ofisini. Irungu aliijibu mbele ya chuo kizima, amesimama kwenye ngazi, vidole gumba ndani ya mshipi.

"Mnasema mashine ni yenu. Ni kweli! Ni ya kila mtu. Ndiyo maana hakuna mtu ataigusa."

Kisha akaanza ukaguzi wa ovaroli, kama ilivyokuwa ada yake kila Ijumaa. Irungu aliamini kwamba ufundi ni usafi. Mwenye doa alirudishwa nyumbani kufua, hivyo ovaroli za Pambazuko zilikuwa safi kama kanzu za watumishi wa altare.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki sita kabla ya mtihani, asubuhi ya Jumamosi, Kavetsa alikwenda kando ya mtaa wa Olympic, alikokuwa fundi Shivachi akitengeneza milango ya chuma chini ya mabati manne, kwa umeme uliofika pale kwa njia walizozijua Mungu na Shivachi peke yao.

"Niaje, fundi. Nataka unifunze kuchoma."

"Poa. Lakini si wewe ni wa college?"

"Ndiyo, ni wa college. Ndiyo maana nimekuja."

Shivachi alicheka hadi akashika kiuno. "Basi leo nimepata wawili. Ngoja huyo buda amalize, rodi imemshika tena."

Pembeni kulikuwa na mwanamume amejificha nyuma ya ngao ya uso, rodi yake imeganda kwenye chuma, naye akiivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Ilipokubali kutoka, aliinua ngao ajipanguse jasho. Alikuwa Mwalimu Wanzala.

"Kavetsa," alisema.

"Mwalimu."

Hapakuwa na pa kujificha. Wanzala aliketi juu ya ndoo. "Hata mimi nilifunzwa hivyo hivyo, kwa chaki. Miaka miwili, na diploma nikapewa. Kila nikiingia class, naomba Mungu mtu asiniulize swali la ukweli."

Kavetsa alimwonea hasira, kisha huruma, kisha kicheko kikamshinda. "Mficha uchi hazai, Mwalimu. Afadhali umekuja. Mimi sitasema kitu. Lakini hiyo rodi unaigandamiza. Fundi, si inakwaruzwa tu kama kiberiti?"

"Enyewe!" Shivachi alisema. "Huyu anaona."

Basi Jumamosi sita mwalimu na mwanafunzi walikaa darasa moja, na mwanafunzi ndiye aliyeongoza. Kavetsa alikuwa na mkono mtulivu, na subira ya mtu aliyemlisha uji mtoto mkaidi miaka miwili. Wiki ya kwanza mwanga ulimchoma macho yakavimba, akalala mchana na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, huku Phanuel akiuliza alipigana na nani. Kufikia Jumamosi ya tano, mshono wake ulikuwa umenyooka. Wanzala bado aling'oa muhogo mara mojamoja, ila hakuwa akitokwa na jasho tena. Hasara ilikuwa moja tu: Jumamosi ya sita Kavetsa alivaa ovaroli yake ya chuo, aliyokuwa nayo hiyo hiyo, ikatobolewa na cheche kifuani na mikononi.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ya mtihani, Irungu aliiona. Alitia kidole chake kwenye tobo moja, akatia kwenye la pili.

"Hii ni nini?"

"Ni cheche, sir."

"Cheche za wapi? Hapa kwangu hakuna cheche!"

Alisema kweli tupu, na wala hakusikia alichokisema. Akamwamuru Kavetsa asikanyage pale bila ovaroli mpya, mtihani uwepo usiwepo. Kavetsa akamtazama Wanzala. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko kufukuzwa. Alitembea kupitia Dagoretti Corner hadi Kibera huku akilia waziwazi, na aliyetaka kumtazama alimtazama.

Jumatatu alirudi na ovaroli ile ile. Hakuwa na nyingine. Askari wa lango alikataa kumfungulia, naye akakataa kuondoka. Akasimama ameshika vyuma vya lango.

Mtahini wa serikali alikuwa Bwana Kyalo, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Mashine ilibebwa na wanaume wanne hadi uani. Angeline alishika kitambaa kifuani, na mkuu wa chuo mwenyewe akabeba maua. Kyalo alipita mbele ya wanafunzi kumi na watatu waliotakata, akarudi, akapita tena.

"Nimekuja chuo cha ufundi ama kwaya?" aliuliza. Ndipo jicho lake likaangukia langoni. "Na yule wa matobo ni nani?"

"Huyo nimefukuza," Irungu alijibu. "Ni mchafu."

Kyalo alikunja mkono wa shati. Kuanzia kifundo hadi kiwiko, ngozi yake ilikuwa imejaa makovu madogo madogo ya moto. "Hata mimi ni mchafu. Mleteni."

Wanzala aliunganisha waya kwenye swichi kuu, na mashine ikavuma. Kavetsa alipiga magoti mbele ya vipande viwili vya chuma. Aliogopa. Aliuona mlango wa yule mama ukimngoja wazi, na mtoto analia ndani. Akashusha ngao, akakwaruza kama kiberiti, na moto ukawaka.

Kumi na watatu walipiga kelele na kuziba macho, maana ndiyo mara ya kwanza cheche ya kweli kuonekana Pambazuko. Moja iliruka hadi kwenye kitambaa cha Angeline ikakitoboa katikati. Kavetsa hakuona wala kusikia. Alikuwa akiufuata mshono wake polepole hadi mwisho.

Kyalo alikikwangua chuma, akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mara moja, mara mbili, mara tatu. Chuma kilipinda. Mshono ulibaki.

"Umepita," alisema. "Nani amekufundisha?"

Irungu alikuwa ameshaanza kunyoosha tai. Kavetsa alimtazama Wanzala, akakumbuka kinywa kile kilichofungwa Ijumaa. Akakumbuka pia ahadi yake.

"Mwalimu Wanzala."

"La," Wanzala alisema, na safari hii sauti ilitoka. "Ananifichia aibu yangu. Amefunzwa na Shivachi, fundi wa jua kali kule Olympic. Hata mimi nafunzwa huko. Huyu ndiye wa kwanza darasani, mimi ndiye wa mwisho. Na Ijumaa alipofukuzwa nilinyamaza. Nisamehe, Kavetsa."

Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, na Wanzala mwenyewe akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kyalo aliwapa wale kumi na watatu mwezi mmoja wa kujifunza. "Nitarudi. Nisiikute hiyo mashine ofisini, na huyo Shivachi nimkute hapa."

Ikawa hivyo. Lakini la kuvunda halina ubani: Irungu alikichukua kile chuma cha Kavetsa akakiweka ofisini mwake, juu ya kitambaa kile kile chenye tobo, maua ya plastiki kando. Kila mgeni alioneshwa kazi ya chuo. Siku Kavetsa alipokuja kukiomba, akamwoneshe Phanuel na yule mama wa mlango wazi, mkuu alikikinga kwa mikono miwili.

"Hapana! Hicho ni cha kila mtu."

Kavetsa hakubishana. Alikwenda karakana, akamwomba Mwalimu Wanzala ampishe kidogo kwenye mashine, akaunga kingine. Ilimchukua dakika mbili.