Mashavu ya Bonge

Mjukuu wa msusi alikuwa na miezi mitano na mashavu ya kutosha watoto wawili. Wateja wakiingia saluni hawakai kwanza. Wanamnyanyua, wanambusu, wanamwita Bonge. "Mama, huyu mnamlisha nini?" huuliza, na msusi hucheka kwa kiburi ambacho kila bibi husamehewa.

Mashavu yale hayakuletwa na chakula. Binti wa msusi alikuwa mshonaji kiwandani, na aliporudi kazini alimwachia mama yake mtoto. Wiki ya kwanza tu nepi ikamletea vipele vyekundu makalioni na mapajani. Msusi akachukua krimu ya mrija anayowachanganyia wateja wanaotaka kung'aa uso, akajijaribia kwanza upande wa ndani wa mkono siku tatu, kama afanyavyo kwa kila dawa mpya. Haikuwasha wala kuunguza. Basi ni salama! Akampaka mtoto, vipele vikaisha siku ya pili, naye akaendelea kumpaka kila alipombadilisha nepi, miezi mitatu, ili visirudi. Miaka ishirini ya kazi ilimdanganya mchana kweupe. Mkono wake ulijua kinachounguza ngozi, si kinachopenya.

Jumamosi moja alikuja muuguzi kusuka nywele. Akampakata Bonge, lakini hakucheka. Akambonyeza shavu, akapapasa nundu laini ya mafuta nyuma ya shingo.

"Mama, mnampaka dawa yoyote huyu?"

Saluni ilikuwa imejaa, na nusu ya waliokaa kwenye viti walikuwa na krimu ile ile usoni. Kusema pale ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

"Mafuta ya mgando tu, mwanangu."

"Afadhali, maana hizi krimu za mrija kwa mtoto ni sumu. Lakini mpelekeni kliniki. Mashavu haya siyapendi."

Sumu! Muuguzi alipotoka tu, msusi akatupa mirija yote chooni, ya mtoto na ya wateja, akamwogesha mjukuu mara mbili huku akimwomba radhi kwa sauti ya chini. Hakumpaka tena hata tone. Alitubu, maskini, na alitubu kweli. Kliniki wangekwenda wiki ijayo.

Siku ya tano mtoto akakataa maziwa, akatapika, akalegea kama nguo mbichi. Saa nne asubuhi bibi na binti walikuwa hospitali. Daktari akauliza kama mtoto amepakwa au kunyweshwa dawa yoyote.

"Hakuna, dokta," binti akajibu upesi. "Mama ndiye anayemlea. Mafuta ya mgando tu. Si ndiyo, mama?"

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na msusi mwenyewe alizoea kuwaambia wateja hivyo. Lakini aliutazama uso wa mwanawe ulivyomwamini, akaona aibu. Tena krimu yenyewe alishaitupa, kuitaja kungesaidia nini? Akaitikia kwa kichwa. Wakamtundikia mtoto maji, wakampima malaria, wakasubiri majibu ya damu.

Saa tano ilipopita na mtoto hafumbui macho, msusi akamfuata daktari koridoni.

"Nilimpaka krimu ya mrija, miezi mitatu. Lakini nimeacha, baba. Leo siku ya tano nimeacha kabisa."

Daktari hakumkaripia; angemkaripia ingekuwa nafuu. "Ni huko kuacha ghafla," alisema, tayari anakimbia. Baadaye aliwaeleza kwamba krimu ilimvimbisha mtoto mashavu, ikaufanyia mwili wake kazi ya kutengeneza homoni, mwili ukasahau kuifanya wenyewe, na dawa ya namna ile huachwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Sindano ya kumsaidia ilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka kitandani. Walimchoma. Mtoto alikata roho saa sita kasorobo.

Binti alimvutia mtoto shuka hadi kidevuni, akailainisha mikunjo, kisha akamgeukia mama yake.

"Daktari alipotuuliza, mama, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne," msusi akasema. "Saa nne na dakika chache."