Sahani ya Ambrose

Karamu ya kutimiza mwaka tangu Ambrose afariki ilikuwa kesho, na samaki wa sahani yake alikuwa bado hajapatikana. Vingine vyote vilikuwa tayari: mchele wa ziwani, mkate wa kukaanga, jemu ya matunda ya mwituni. Sahani ya marehemu hutiwa vile alivyovipenda, kisha chakula hicho hukabidhiwa kwa moto ili kimfikie. Naye Ambrose alimpenda ogaa, yule samaki mwenye macho yanayong'aa kama ya paka, tena ogaa wa mwamba wake tu. Wa kwingine alidai wananuka tope.

Mwamba wenyewe umezama mbali huko ziwani, hauonekani, na Ambrose hakumwonyesha mtu. Watu walijua tu kwamba aliulenga kwa msonobari mrefu uliosimama peke yake kwenye rasi. Msonobari huo uliangushwa na dhoruba ya mwezi wa tano.

Clifford, mdogo wake Ambrose, alikuwa amezunguka siku tatu na mashine yake ya kupimia kina. Alivikuta vilima vya mawe tele huko chini, akarudi na samaki wawili wa tope.

"Leo twende wote," akasema Odelia, mjane wa Ambrose.

"Wewe, shemeji? Miaka arobaini na moja umekaa mbele ya mashua unafuma soksi!"

"Nilifuma kwa mikono. Macho yalikuwa na kazi nyingine."

"Kazi gani, kumwangalia kaka yangu? Pole sana."

"Afadhali yeye. Leo nitakuangalia wewe, Mungu anipe nguvu."

Wakaondoka alasiri. Clifford alishika injini nyuma, Odelia akakaa mahali pake mbele, amegeukia nyuma kama zamani. Mshipi hakuugusa. Mtu aliye kwenye mwaka wa msiba havui kitu ziwani mpaka karamu ipite na yeye alishwe kwa mkono wa mwenzake. Kazi yake ilikuwa kuona tu.

Na aliona. Miaka ile, Ambrose alipokuwa akitazama mbele, yeye alikuwa akitazama nyuma, juu ya bega la mumewe la kushoto. Huko, visiwa viwili vilivyoonekana kushikana vilikuwa vikiachana polepole, mfano wa mlango unaofunguliwa, mpaka jabali jeupe la ufukweni likaonekana lote katikati. Ndipo injini ilipokuwa ikipunguzwa.

"Kulia kidogo," akasema Odelia. "Na uiname, masikio yako yananizibia visiwa."

"Masikio haya ni ya ukoo. Uliolewa nayo."

"Ya mwenzio yalikuwa na adabu. Haya, punguza! Mlango ndio huo, usiupoteze. Teremsha chubwi, tuguse chini."

Chubwi ya risasi ikashuka, ikatua kwenye tope, laini. Wakasogea; tope. Wakasogea tena; tope. Mara ya saba Clifford akasimamisha mkono. Mshipi ulikuwa umegonga, kavu, kama mtu anayebisha hodi.

"Jiwe," akasema kwa sauti ndogo.

Akashusha nanga. Odelia akaweka tumbaku kidogo juu ya maji, sadaka ya ziwa, Clifford akavika ndoana ruba, wakangoja. Jua likateremka sana kabla ya ufito wa mshipi kupinda. Clifford akapigana na samaki, akamtia wavuni: ogaa jike, mrefu kama mkono mzima, mama wa samaki wengi.

"Huyu anatosha karamu nzima!"

"Mrudishe."

"Shemeji, jua linatuacha. Pengine hatutajaliwa mwingine. Kesho utaweka nini kwenye sahani?"

Odelia akamtazama yule samaki jinsi alivyokuwa akifungua na kufunga mashavu yake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa mashua mpaka vikauma. Alimtaka sana.

"Mwenye sahani ni Ambrose," akasema. "Angesemaje akimkuta huyu mezani?"

Clifford akashusha pumzi. "Hakuwahi kumchukua mama. Angenitukana mpaka na babu yetu."

Akamshika ndani ya maji kwa mikono miwili mpaka mkia ukaamka, akamwachia. Wakarudi kungoja, bila utani tena. Jua lilikuwa limegusa miti alipokuja mwingine, dume la wastani, la kujaza sahani moja. Odelia alilifunika kwa shali yake.

"Njoo ushike injini, niing'oe nanga," akasema Clifford. Wakapishana kwa kushikana mikono, na kwa mara ya kwanza Odelia akaketi mahali pa Ambrose.

Akatazama mbele. Upepo wa jioni ulikuwa ukitoka rasini, kama kawaida yake, na mashua ilikuwa imeuelekea. Kule rasini, kati ya miti mifupi, palikuwa na pengo lililoachwa na msonobari. Chini ya pengo hilo, sawasawa, kilikuwa kichwa cha Clifford, kwenye kiti chake yeye Odelia.

"Tulia hapohapo, Odelia," Ambrose alikuwa akimwambia kila wakifika. Miaka yote hiyo alidhani anaogopa mashua isije ikayumba; kumbe alikuwa akiulenga msonobari juu ya kichwa chake.

Clifford aliinama kuvuta kamba.

"Ngoja," Odelia akamwambia. "Tulia hapohapo, shemeji. Kidogo tu."

Naye, japo hakuelewa, akatulia.