Ile Nyeupe ya Pembeni ya Kochi

Muuzaji alimwaga mchele kwenye sakafu ya maonyesho, akapitisha mashine ya kufyonza vumbi mara moja, kisha akawatazama akina mama kama anayengoja kupigiwa makofi. Pil-nyeo hakupiga. Mchele! Nani hapa Daegu anamwaga mchele sebuleni kwake?

"Haina waya, na betri inakaa saa nzima," muuzaji alisema.

Saa nzima ukiiweka kwenye nguvu ya kumpepea mtoto, Pil-nyeo alijibu moyoni. Binti yake, Yeon-ju, alikuwa amemwomba asiseme sana. Vyombo vya nyumba ya maharusi vinanunuliwa na upande wa bibi harusi, na Bi Ok, mama wa bwana harusi, alikuja "kutazama tu", yaani kuamua. Huyo Bi Ok alikuwa ameambiwa kwamba Pil-nyeo ni karani wa stesheni. Uongo huo aliutunga Yeon-ju, na harusi ilikuwa mwezi ujao.

"Hii nyeupe," Bi Ok alisema. "Itapendeza pembeni ya kochi. Wageni wataiona."

Mashine ya kuonwa na wageni! Pil-nyeo akapiga magoti, akaipindua.

"Tazama, mkwe mwenzangu. Nywele zimejisokota humu kwenye brashi. Na uzito wote uko huku juu, mkononi. Mwezi mmoja tu kiwiko kinakulilia. Chukueni ile ya kijivu, achaneni na urembo."

"Kumbe mama ni fundi!" muuzaji akacheka.

"Umeyajulia wapi haya?" Bi Ok aliuliza. "Makarani siku hizi wanafagia?"

Yeon-ju alimtikisia mama yake kichwa, kidogo sana. Pil-nyeo alimwona. Lakini alikuwa amechoka kuonewa haya.

"Nasafisha vyoo vya stesheni," alisema. "Mwaka wa ishirini na tatu huu."

Yeon-ju akacheka, kicheko chembamba.

"Mama naye kwa utani!" Akamgeukia muuzaji. "Tufungie hiyo nyeupe, tafadhali."

Wote watatu wakaelekea kaunta. Bi Ok aligeuka mara moja kumtazama, kisha akaharakisha hatua.

Pil-nyeo alibaki chini. Alizichomoa zile nywele kwa kucha, polepole, mpaka brashi ikatakata. Akatafuta pipa la taka, asilione. Akazifinyanga kidonge, akazitia mfukoni mwa koti lake.