Vichanja vya Elda

Hii habari hamutaiamini, lakini ilitokea hapa hapa Magara, muchana kweupe: mbao za proje, ule muradi wa vichanja, zilipanda juu ya paa, kijiji kizima kikaona, na mukubwa wa proje ndiye akawa mutu wa mwisho kujua!

Huyo mukubwa anaitwa Chanceline. Ofisi yake iko Rumonge mujini, mama yake iko bado hapa Magara, na kazi yake ilikuwa moja: kujengea bamama wa Magara vichanja ishirini na ine vya kuanikia ndagala, zile samaki ndogo za ziwa. Maana walikuwa wanaanika chini, kwenye muchanga, kuku wanapita juu, na manyunyu yakianguka kidogo tu samaki yote inaoza. Ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazae. Hiyo miezi mitatu ndiyo ilikuwa nafasi yake. Siku ziwa linafunguliwa, mitumbwi ikirudi imejaa, vichanja viwe vimesimama. La sivyo, bamama wanarudi muchangani, na Chanceline aliwaapia mbele ya wote: "Mwaka huu, muchanga basi!"

Na si mutu wa kubahatisha, Chanceline. Kalendari iko ukutani, kila wiki na rangi yake. Mbao alizihesabu mwenyewe, akaandika namba juu ya kila moja kwa rangi ya bluu, moja mpaka mia moja tisini na mbili. Alafu, sasa sikiliza vizuri, ufunguo wa depo ya mbao akamupa Elda, mufanyakazi wa proje hapa Magara. Na kazi ya kutuma foto kila Ijumaa, akamupa Elda huyo huyo.

Mukubwa wake wa Bujumbura, Muzee Nasser, alimuuliza kwenye simu: "Na weye, Magara umefika lini?"

"Chefu, kule iko Elda. Elda ni mimi."

Kweli, yeye na Elda walivuka ziwa pamoja kutoka Baraka, ng'ambo, wakiwa watoto, wakalala mukeka mumoja, wakachangia hata viatu vya shule. Ungemukagua mutu kama huyo? Chanceline aliona haya hata kumuuliza swali la pili. Kila Jumatatu alipiga: "Elda, mambo?" Elda anajibu kwa Kirundi, kama sisi wote tunavyojibu: "Nta kibazo!" Hakuna shida. Na hapa kwetu, hata nyumba ikiwaka moto, jirani atakuambia nta kibazo.

Foto zilikuja. Vichanja vine. Vichanja kumi. Vichanja kumi na sita. Chanceline anatuma kwa chefu, chefu anajibu na vidole gumba.

Zilibaki siku tisa ziwa lifunguliwe. Chanceline akakaa kupanga foto zote kwa raporo ya kutuma kwa chefu, moja pembeni ya ingine. Akaona kichanja kimoja, muguu wake umefungwa kamba ya kijani. Akafungua foto ingine: kamba ya kijani. Ya tatu: kamba ya kijani! Akazikuza kwa vidole viwili mpaka macho yakauma. Ni vichanja vilevile vine, vimepigwa foto huku, vimepigwa kule.

Alipanda moto, pikipiki ya kukodi, saa ileile. Magara akashuka, akahesabu. Vine. Depo akachungulia dirishani: fagio na panya.

Kanisa lilikuwa karibu, bamama wanaimba humo wakifanya mazoezi. Akaingia kuuliza Elda iko wapi. Akainua macho. Jamani! Juu, chini ya mabati mapya, aliona muandiko wake mwenyewe, wa bluu: 61, 62, 63... mbao imepangwa vizuri kama watoto wa shule.

Nyimbo ikakatika. Mbele kabisa ya waimbaji alikuwa mama yake Chanceline wa kumuzaa.

"Amahoro, mwanangu," mama akamusalimia, macho chini.

"Mama. Ulijua?"

"Kila mutu alijua. Upepo ulibeba paa, na askofu alikuwa anakuja kutoka ng'ambo kubariki kanisa. Tungemupokea kwenye jua kama mbuzi?"

"Na mimi? Hakuna hata mumoja wa kunipigia?"

Mama mumoja akacheka kidogo, kwa haya. "Tungekuambia, ungekataa. Weye na kalendari yako!"

Elda akatokea mulangoni na ufunguo mukononi. Hakukimbia. "Chance, tulikopa tu. Fundi alituambia ataweka za muda, alafu akapiga mabati juu na misumari. Mbao ya namna hiyo inarudi vipi? Kila Ijumaa nilisema leo nitakuambia."

"Kila Ijumaa ulinitumia foto."

Elda akaugeuza ufunguo mukononi.

Simu ikalia. Nasser. "Chanceline binti yangu, raporo iko wapi? Wageni wanafika kesho kutwa kuona vichanja."

"Saa moja, chefu. Nipe saa moja."

Alikaa kwenye benchi, ndani ya lile kanisa. Hakutukana mutu. Aliita fundi, akauliza maswali ambayo alipaswa kuuliza tangu mwezi wa tano. Mbao ngapi zilibaki kwako? Thelathini na mbili. Kwa siku tisa unatoa vichanja vingapi, bila kunidanganya? Vine. Pamoja na vile vine vya zamani, vinane. Aliuliza bamama wagawane vipi vinane kwa zamu, akaandika wanavyosema.

Elda akainama karibu na sikio lake. "Andika ishirini na ine, wageni watazame kutoka barabarani. Ao andika vinane, lakini jina langu toa. Andika 'timu'. Nikifukuzwa kazi, watoto wangu unawajua."

Chanceline aliwajua. Wa kwanza ana jina lake.

Aliandika: vichanja vine vimesimama, vine vinakuja, jumla vinane. Aliandika mbao iko wapi. Aliandika kwamba yeye mwenyewe hakufika kukagua hata mara moja. Kisha akaandika nani alikuwa na ufunguo na nani alituma foto. Akabonyeza, raporo ikaenda kwa chefu.

Elda alisoma juu ya bega lake. Sauti yake ilitoka taratibu sana: "Mimi nilikudanganya sababu ya nyumba ya Mungu. Weye umeniuza sababu ya kalendari."

Akaweka ufunguo juu ya benchi, akatoka. Na mama mutu, yule wa kumuzaa Chanceline, akachukua kitenge chake akamufuata Elda, hakugeuka.

Wengine hapa Magara wanasema Chanceline hana moyo. Wengine wanasema ni yeye ndiye alichomwa kisu, na kijiji kizima kilishika mupini. Weye unayesoma, ungekuwa kwenye lile benchi na simu mukononi, lile jina ungeliandika?