Majirani Waliokuja Kuchomwa Sindano

Mama mmoja alisikia kwa fundi cherehani kwamba chuo cha uuguzi humtimua mwanafunzi yeyote mwenye mkono mzito wa sindano. Neno hilo likamganda kama ruba, maana binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo hicho.

Basi Jumamosi binti aliporudi kutoka wodini, alikuta majirani watatu sebuleni, mikono ya magauni imekunjwa hadi mabegani. Mezani kulikuwa na sindano mpya na vichupa vya vitamini kutoka duka la dawa.

"Karibu, daktari wetu!" akasema Mama Kelele wa nyumba ya pili. "Anza na hawa wenye nyama. Mimi mifupa mitupu, utavunja sindano bure."

Binti hakucheka. "Mama, wewe ndiye uliyewaita?"

"Ndiyo, nimewaahidi vitamini za bure. Nataka ujizoeze, mwanangu, wasije wakakufukuza."

"Nikimchoma mtu bila msimamizi, ndipo watanifukuza, tena siku hiyohiyo. Mama zangu, nisameheni. Shusheni mikono."

Wakatoka wakisonya, eti mtoto kashaanza maringo hata kabla ya cheti. Mama akaanza kukusanya zile sindano mezani. Kidogo tu angemponza mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

Mzazi mwenye mtoto anayesomea uuguzi, jiepushe na haya:

Kusadiki maneno ya mtaani kabla ya kumuuliza mtoto mwenyewe.

Kuwaahidi majirani matibabu.

Kumwita mtoto "daktari" ilhali bado ni mwanafunzi.

Kununua sindano ukaziweka nyumbani, hata kama nia yako ni njema.