Damu Safi ya Kulinganishia

Chembe za damu yangu ziliwaka kijani chini ya mikroskopi, ziliwaka kweli kweli, na mi nikatamani umeme wa Kolwezi ukatike saa hiyo hiyo.

Tulikuwa tunapima damu ya wamama wanaoosha madini huko Mutoshi, mgodini nje ya mji. Rangi tunayoitia huingia ndani ya chembe ingali hai na kutulia bila mwanga wowote. Ikikutana na oksijeni kali inayoletwa na vumbi la madini na kuichoma chembe kwa ndani, inawaka. Ili kulinganisha, Docteur Simone, mkuu wa maabara, alitaka damu ya mtu asiyejua vumbi la mgodi, akanichagua mi. Siku aliponipa kazi nilimwambia nimekulia katikati ya mji, kwa wazazi makarani. Uongo mtupu. Nilikuwa naishi Mutoshi, kwa mama yangu Ngalula, mwosha madini.

Na chembe hai hazingoji, kwa hiyo tulipima mama mmoja kwa siku. Siku ile zamu ilikuwa ya mama yangu. Nilimchoma sindano nikimuuliza jina kama mgeni. Alilitaja polepole, akatazama ukuta.

Docteur Simone aliinama kwenye mikroskopi, akaziona chembe zangu, halafu akaniuliza kama kweli naishi mjini. Kabla sijajibu, akamgeukia mama pale kwenye benchi, akamuuliza kama amewahi kuniona huko kwao.

"Huyu madame hatujuane, Docta," mama akasema. "Kwetu hajafikaka hata siku moya."

Haya ilinipanda mpaka masikioni. Nikadakia kwamba labda rangi ilikaa mwangani, maana ikipigwa na mwanga inaharibika na kuwaka ovyo. Docteur alinisadiki. Akaniambia nimwage damu yangu, atatafuta mtu mwingine. Nikaimwaga mbele ya mama, naye anashusha mkono wa blauzi yake.

Jioni, nyumbani, mama alinipakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Kisha akainuka, akashika mifuko ya madini tuliyokuwa tunalala nayo kwa kuogopa wezi, akaanza kuivuta kutoka upande wangu wa kitanda kwenda upande wake.

"Damu yangu ilisha kuungua," akasema. "Yako ingali mupya."

Mifuko ile ni mizito, na yeye mgongo unamuuma. Mi nilibaki nimekaa na sahani mapajani, nikaona haya hata kumsaidia.